Betri ya Pikapu Haifi kwa Ghafla: Soma Volti Kabla ya Kununua Nyingine

Kila mwaka ifikapo Juni na Julai, madereva wa pikapu wanaopanda kutoka Dar es Salaam kwenda kuchukua viazi Njombe na Makete hukutana na tatizo lile lile. Gari lililokuwa likiwaka vizuri Mbagala au Tegeta linalala usiku mmoja kwenye baridi, na asubuhi stata inagonga mara moja na kunyamaza. Lawama huangukia betri, au baridi, au vyote viwili. Lakini baridi haikuiua betri ile. Ilikuwa imechoka tangu miezi mingi nyuma, imechoshwa na joto la pwani na chaji isiyotosha, ila kule Dar es Salaam haikuwahi kudaiwa nguvu yake yote. Huku Makete ikadaiwa: oili ya injini imekuwa nzito, plagi za kupasha joto injini ya dizeli zinakula umeme, na betri yenyewe kwenye baridi hutoa nguvu pungufu. Ndipo upungufu uliokuwapo muda wote ukaonekana.

Ninaandika makala hii kwa sababu ninaona watu wengi wanaoishi kwa pikapu zao wakinunua betri mpya kila mwaka, wengine mara mbili kwa mwaka, bila mtu yeyote kuwapimia chochote. Fundi anasema "betri imekufa", mwenye gari anatoa pesa, na ile betri mpya inawekwa kwenye gari lile lile lililoua ya kwanza. Betri nzuri ya pikapu, ikitunzwa, hudumu miaka mitatu hadi mitano. Kwenye joto letu la pwani miaka miwili hadi mitatu ni umri wa kawaida. Ikikufia baada ya miezi minane, shuku gari kabla ya kumshuku muuzaji.

Tuanze na kile kilichomo ndani. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, na kila chumba kikijaa chaji kina volti 2.1 hivi. Ndani mna sahani za risasi zilizozama kwenye tindikali iliyochanganywa na maji, ubunifu wa Mfaransa Gaston Planté wa mwaka 1859 ambao hadi leo ndio unaowasha magari yetu. Betri inapotoa umeme, sahani zake hupata utando wa salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema, utando huo hurudi kwenye tindikali. Ikiachwa nusu tupu siku nyingi, salfeti hugeuka fuwele ngumu na kung'ang'ania sahani, kama chumvi inavyogandia sufuria iliyochemshiwa maji ya kisima, na chaji ya kawaida haiwezi tena kuiondoa. Hiki ndicho kifo cha betri nyingi: kukaa na njaa kwa muda mrefu.

Kifo cha pili ni kinyume chake. Alteneta ikitoa volti nyingi kupita kiasi, maji ya betri hugawanyika kuwa gesi ya haidrojeni na oksijeni, yanapungua, sahani zinabaki wazi, na vyuma vinavyozishika vinaliwa na kutu ya ndani. Joto huongeza kasi ya yote haya. Kanuni ambayo watu wa betri huitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka juu ya 25 hupunguza umri wa betri karibu nusu. Sasa fikiria betri iliyowekwa jirani na injini ya dizeli, ndani ya boneti, kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana.

Njaa na kuvimbiwa vyote viwili huonekana kwenye volti, na huonekana mapema. Ndiyo maana ninasema kila mwenye pikapu awe na mita. Ziko mbili zinazofaa. Moja ni multimita ya kawaida ya fundi umeme, yenye waya mwekundu na mweusi. Nyingine ni ile mita ndogo yenye namba zinazowaka, inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara na kukuonyesha volti ukiwa unaendesha. Zote bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na betri moja.

Kipimo cha kwanza ni cha asubuhi, kabla hujagusa ufunguo, gari likiwa limelala usiku kucha. Weka multimita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye kichwa chanya, mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa itasoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4, imebaki robo tatu. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na hapo salfeti imeshaanza kazi yake. Kwenye 12.0 imebaki kama robo, na chini ya 11.9 ihesabu kuwa tupu. Angalia jinsi nafasi ilivyo ndogo: kati ya betri iliyojaa na betri iliyo nusu hakuna hata nusu volti. Mtu anayekuambia "ina kumi na mbili, iko sawa" hajakuambia lolote, maana kumi na mbili kamili ni betri inayoomba msaada. Na usipime mara tu baada ya kuzima injini, kwa sababu chaji ya juujuu hukudanganya. Kama huna muda wa kusubiri usiku, washa taa kubwa dakika mbili, zima, ngoja dakika chache, ndipo upime.

Kipimo cha pili ni wakati wa kuwasha. Mwambie mwenzako azungushe ufunguo huku wewe ukitazama mita. Volti zitashuka ghafla. Hilo ni jambo la kawaida. Lakini kama betri ilikuwa imejaa na bado zinashuka chini ya 9.6 stata ikizunguka, betri hiyo imeisha nguvu hata kama asubuhi ilisoma 12.6. Hii ndiyo betri inayowadanganya wengi, kwa sababu ikipumzika inaonekana nzima.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, kwa sababu ndicho kinachotuambia kama gari lenyewe linailisha betri. Injini ikiwa inawaka, kanyaga mafuta kidogo hadi kama mizunguko 1,500 hivi, kisha soma volti kwenye vichwa vya betri. Kwa pikapu nyingi za volti 12 zenye alteneta ya kawaida utatarajia kati ya 13.8 na 14.5. Washa taa kubwa, feni ya kiyoyozi na redio. Zisishuke chini ya 13.5. Zikikaa 13.2 au 13.0, betri yako haitajaa kamwe, hata ukiendesha kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma. Zikipita 15, unaichemsha: utasikia harufu ya mayai viza, betri itakuwa ya moto kuishika, maji yatapungua kila wiki, na balbu zitaungua moja baada ya nyingine.

Kuna watu watasema, "Lakini taa ya betri kwenye dashibodi haijawaka." Ile taa ya alama ya betri imetengenezwa kukuambia kwamba alteneta imeacha kuchaji, au karibu imeacha. Kwenye magari mengi haiwaki alteneta ikitoa 13.1 badala ya 14.2. Unaweza kuendesha miezi mitatu na betri yenye njaa, taa ikiwa imezima, hadi asubuhi moja gari linagoma. Pengo hilo kati ya "inachaji" na "inachaji vya kutosha" ndilo linalojazwa na mita ya kuchomeka.

Mita hiyo ya kuchomeka ina kasoro moja ya kuijua. Umeme unaofika kwenye tundu la kiberiti umepita waya mrefu, fyuzi na swichi, kwa hiyo mara nyingi husoma pungufu kidogo, hata 0.2 au 0.3. Siku ya kwanza, pima kwa multimita kwenye betri na usome ile ndogo kwa wakati mmoja, kisha andika tofauti kwenye kipande cha karatasi na ukibandike karibu. Baada ya hapo kinachotakiwa ni mazoea. Ukilizoea gari lako likiwa na afya, utajua siku ile ile namba zikibadilika.

Volti za chaji zikiwa chini, usikimbilie alteneta. Anza na mkanda: umelegea, umepasuka, unapiga kelele ukiwasha taa? Kisha vichwa vya betri: ule unga mweupe au wa kijani ni ukinzani. Lakini mkosaji ambaye mafundi wengi humruka ni waya wa hasi, ule unaotoka betri kwenda bodi na injini. Pikapu zetu zinapita matope, vumbi na chumvi ya bahari, na boliti ya waya huo hupata kutu kwa siri chini ya rangi. Pima hivi: injini ikiwaka na taa zikiwa zimewashwa, weka waya mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri na mwingine kwenye chuma kisafi cha injini. Ikisoma zaidi ya 0.2, umeme unapotea njiani. Fanya vivyo hivyo kati ya boliti kubwa ya alteneta na kichwa chanya cha betri. Hapo zaidi ya 0.3 ni nyingi. Alteneta nyingi zimefunguliwa na kubadilishwa bure, wakati dawa ilikuwa msasa na spana namba 12.

Kama waya ni safi na mkanda umekaza, ndipo twende kwenye alteneta: kaboni zilizolika, regyuleta iliyoharibika, au diodi iliyokufa. Diodi ina ubaya wake wa pekee, kwani ikiharibika inaweza kupunguza chaji mchana na kunyonya betri usiku. Weka mita kwenye volti za AC injini ikiwaka. Ukiona zaidi ya nusu volti, mpelekee fundi alteneta aifungue.

Hapa nataka kusema kwa sauti jambo moja kuhusu gereji zetu. Fundi akitaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka ili "kupima kama jenereta inafanya kazi", mzuie. Zamani, kwenye Land Rover na Hilux za kizazi cha kale, jaribio hilo lilipita bila madhara mara nyingi. Leo pikapu ina kompyuta ya injini, na betri ndiyo inayotuliza mawimbi ya umeme wa alteneta. Ukiichomoa ghafla, volti zinaweza kuruka juu mno na kuchoma regyuleta, redio au kompyuta yenyewe. Mita inatoa jibu lile lile, tena kwa namba, bila kuhatarisha kitu.

Pikapu mpya zinahitaji uelewa wa ziada. Ford Ranger za miaka ya karibuni, kwa mfano, zina alteneta inayoamriwa na kompyuta. Betri ikijaa, kompyuta hushusha chaji ili kuokoa mafuta, halafu huipandisha unapoachia mafuta kwenye mteremko. Ukiona 12.8 ukiwa barabarani kisha 14.8 dakika chache baadaye, gari si bovu. Kwenye gari la namna hii utakachohukumu ni kipimo cha asubuhi. Kichwa chake hasi kina kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka, hivyo taa za ziada na vifaa vingine visifungwe moja kwa moja kwenye kichwa hicho, vifungwe kwenye bodi. Na ukibadilisha betri, kompyuta ijulishwe kwa mashine ya kusomea makosa. Usipofanya hivyo itaendelea kuilisha betri mpya kana kwamba ni mzee.

Upande wa pili wa umri kuna Land Cruiser na malori madogo kutoka Japani yenye mfumo wa volti 24, betri mbili zimefungwa mfululizo. Hayo hupimwa kwa namba mara mbili: asubuhi 25.2 hadi 25.4, ikichaji 27.6 hadi 29. Kosa linaloziua ni kuchukua volti 12 za redio au taa kutoka betri moja tu kati ya hizo mbili. Ile inayonyonywa inabaki na njaa, mwenzake anapokea chaji kupita kiasi, na zote mbili zinakufa, moja kwa kila njia ya kufa niliyoieleza. Tumia kipunguza volti kinachochukua kutoka betri zote mbili. Pima kila betri peke yake. Zikitofautiana zaidi ya 0.2, jambo hilo limeshaanza.

Sasa tuseme vipimo vyote vya chaji ni vizuri na bado asubuhi unakuta 12.1. Kuna kitu kinakula usiku. Gari la kawaida lililozimwa huvuta kati ya miliampea 20 na 50 kwa ajili ya saa, kengele ya wizi na kumbukumbu ya kompyuta. Kwa miliampea 50, siku moja inaondoka na ampea-saa 1.2, betri ya ampea-saa 70 ikisimama mwezi mzima imebaki nusu. Ongeza kifaa cha kufuatilia gari kilichofungwa kienyeji, taa ya bodi isiyozima, chaja ya simu iliyochomekwa moja kwa moja, na muda huo unafupika sana. Kupima, fungua waya wa hasi na uiweke mita ya ampea katikati yake na betri, kila kitu kikiwa kimezimwa na milango imefungwa, ngoja nusu saa kompyuta zilale, kisha soma. Usijaribu kuwasha gari mita ikiwa hapo, utaiunguza.

Watu wa pikapu za matangazo, zile zenye spika nyuma zinazozunguka mitaani, ninawaonea huruma zaidi. Wao hudhani stata ndiyo inayomaliza betri. Hesabu inasema vingine. Stata ikivuta ampea 300 kwa sekunde 5, imekula chini ya nusu ya ampea-saa, na alteneta inairudisha kwa dakika chache. Amplifaya inayovuta ampea 10 kwa saa 5 injini ikiwa imezimwa imekula 50. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi, zimeundwa kutoa nguvu kubwa kwa muda mfupi. Ukiimaliza namna hiyo mara kwa mara, haitadumu. Kazi ya spika, friji ya samaki au inveta inataka betri ya pili ya aina ya kutoa umeme polepole, iliyotenganishwa na ya kwanza kwa rilei maalumu, ili wimbo ukimaliza betri ya spika, ya kuwashia ibaki imejaa.

Na betri iliyoisha kabisa usiiachie alteneta peke yake. Kubusti na kuendesha kilomita tano hadi sokoni hakujazi kitu. Ipeleke kwenye chaja ya umeme wa nyumbani au kwa mafundi wa betri, ilale humo usiku. Wakati wa kubusti, waya wa mwisho wa hasi ufungwe kwenye chuma cha injini mbali na betri, si juu ya betri yenyewe, kwa sababu haidrojeni ikifika sehemu nne kwa mia hewani, cheche moja inatosha kuipasua na kumwagia mtu tindikali usoni.

Utunzaji uliobaki ni mdogo. Betri yenye vifuniko vya kufungua iongezewe maji yaliyokenekwa, yale ya chupa, hadi alama. Isiongezewe tindikali, hata fundi akisema itapata nguvu. Tindikali haikupotea, kilichopotea ni maji. Maji ya bomba na ya kisima yana madini yanayoharibu sahani. Vichwa visafishwe kwa magadi kidogo kwenye maji ya uvuguvugu, bila kuingia ndani ya vyumba. Kibano cha kushika betri kikazwe, kwa sababu barabara ya vumbi yenye matuta hukatakata sahani za betri inayochezacheza. Dukani, tazama tarehe ya kutengenezwa na umwombe muuzaji aipime mbele yako. Betri mpya inayosoma chini ya 12.4 imekaa rafuni mno, mwachie.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nijali jambo hili kuliko pesa. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu kiliwapa wakazi sumu ya risasi, watoto wakiwemo, hadi kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama mjini humo iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, ingawa rufaa ziliendelea kwa miaka. Betri iliyodumu miaka minne badala ya mmoja ni betri tatu ambazo hazikuyeyushwa jirani na nyumba ya mtu. Ile iliyokufa kweli irudishe kwa muuzaji anayepokea chakavu, ikiwa nzima na tindikali yake ndani. Usimwache mtu aimwage mtaroni ili auze vyuma.

Kwa hiyo safari hii fundi akikuambia betri imekufa, mwombe namba tatu: ya asubuhi, ya stata ikizunguka, na ya injini ikichaji. Ziandike kwenye daftari la gari pamoja na tarehe. Akishindwa kukupa, usimpe pesa ya betri.